Jembe la Utubora na Kivuli cha Tajiri

Wahenga wa Pwani wamesema: mchumia juani hulia kivulini. Methali hii imefundishwa kwa miaka mingi kama mahimizo ya bidii, na kwa kiasi hicho hakuna mwenye kuipinga. Hata hivyo, imebeba swali ambalo haikulijibu. Jua ndiyo kazi, na kivuli ndiyo malipo. Basi mtu aliyekwisha kufika kivulini, akaketi, akala akashiba, ana sababu gani ya kurudi tena juani? Je, tajiri afanye kazi? Na kama hafanyi, ile raha aliyoikusudia ataiona kweli, au atakaa kivulini akihesabu majani?

Katika mabaraza ya Mabawa, mojawapo ya kata za Jiji la Tanga, swali hili halihitaji mwanafalsafa wa kulizua. Huko wanakaa watu wa riziki za aina nyingi: mafundi cherehani, wauza samaki, wanawake wa vitumbua na mihogo, vijana wa bodaboda, wastaafu wa bandari, wa reli na wa viwanda vilivyokwisha kufungwa. Ikitajwa habari ya mtu mwenye nyumba tatu za kupangisha ambaye bado huamka alfajiri kufungua duka, hoja hugawanyika. Mmoja atasema huyo ni bahili asiyejua kula mali yake. Wa pili atasema kazi ni ibada. Wa tatu atauliza, "Akikaa nyumbani afanye nini?" Mzee atakumbusha kwamba fedha ni fedheha, na kijana atamjibu kwamba fedheha kubwa zaidi ni kuikosa. Kahawa huisha kabla ya hoja.

Tanga ina bahati ya kuwa na mwandishi wake aliyelichukua swali hilo akalijengea riwaya. Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 Vibambani, Machui, katika wilaya hiyo hiyo ya Tanga, na alifariki tarehe 20 Juni 1962. Miongoni mwa vitabu vyake, Utubora Mkulima, kilichotolewa mwaka 1968 baada ya kifo chake, hakikupata wasomaji wengi kama Kusadikika wala hakikuzungumzwa sana kama Kufikirika. Wahakiki wengi wamekipita haraka kwa kukiita hadithi ya mtu mwema aliyependa shamba. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanakipunja kitabu. Katika Utubora Mkulima mna hoja ambayo fasihi ya Pwani haikuwa imeithubutu kabla yake, na mna pengo ambalo msomaji wa Tanga ana haki ya kuliuliza.

Ili uzito wa hoja hiyo uonekane, hapana budi kukumbuka ustaarabu uliomlea mwandishi. Katika miji ya mwambao, tangu Pate na Lamu hadi Pangani na Unguja, muungwana alijulikana kwa mavazi, kwa lugha, kwa elimu ya dini, kwa ukarimu, na pia kwa viganja visivyo na sugu. Jembe halikuwa chombo cha muungwana. Katika karne ya 19 bonde la Pangani lilijaa mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Abushiri bin Salim al-Harthi mwenyewe, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani tangu mwaka 1888 na kunyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, alikuwa mwenye shamba la miwa. Katika jamii kama hiyo methali yetu ilikuwa na upande uliofichwa. Ilisema kana kwamba anayechuma na anayekula ni mtu mmoja. Katika maisha yenyewe, mara nyingi mmoja alikuwa juani na mwingine alikuwa kivulini, na hawakubadilishana nafasi hadi kufa.

Ushairi mkongwe uliwaona waungwana hao na ukawahukumu, lakini ukawahukumu kwa kosa jingine. Katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir uliotungwa takriban miaka mia mbili iliyopita, matajiri wa Pate wanapita mbele ya macho yetu wakiwa na taa zao, vyombo vyao vya thamani, vitanda vyao, na watumishi wa kuwakanda na kuwapepea. Kisha majumba yanageuka magofu, na wenyewe wamo kaburini. Hakuna mpenzi wa ushairi wa Kiswahili asiyetetemeka anaposoma mabadiliko hayo. Lakini hebu msomaji atazame wanaofanya kazi katika utenzi ule. Wapepeaji wapo kama taa zilivyopo: ni sehemu ya fahari inayopotea. Mshairi anamlilia tajiri kwa sababu mali imemhadaa akaisahau akhera. Hamuulizi kwa nini hakuwahi kujipepea mwenyewe. Mauti ndiyo hakimu wa utajiri katika Al-Inkishafi, na hakimu huyo huja baada ya kila kitu kwisha.

Shaaban Robert anamleta hakimu mwingine, naye ni kazi. Utubora ana ajira yenye mshahara mzuri kwa mfanyabiashara Ahmed. Ana nafasi ambayo vijana wengi wa zama zile, na wa zama hizi, wangeipigania. Akaiacha kwa hiari yake, akaenda Busutamu kulima. Hakufukuzwa, hakufilisika, wala hakuumwa. Kwa macho ya mjini huo ni wazimu. Kwa macho ya uungwana wa kale ni zaidi ya wazimu, kwa kuwa mtu wa kalamu anashuka kwa hiari yake hadi kwenye jembe.

Ujasiri wa kitabu unaanzia kwenye jina lake. Wahusika wa Shaaban Robert hubeba maana zao majinani kama wasafiri wabebavyo vyeti. Katika Kusadikika waziri mwenye kiburi ni Majivuno na mtetezi wa haki ni Karama. Lakini jina hili lina kitu cha ziada. Utubora ni utu bora. Mkulima ni mtu wa jembe. Kwa karne kadhaa maneno haya mawili yalikaa katika vyumba tofauti vya nyumba ya Waswahili. Mwandishi ameyaweka ubavuni mwa mwenzake bila kiunganishi na bila ya kuomba radhi, kana kwamba moja ni tafsiri ya la pili. Kichwa cha kitabu peke yake ni mapinduzi madogo.

Inafaa kulitazama vizuri lile analoliacha Utubora, maana hapo ndipo wasomaji wengi hupotea. Anaacha mshahara, haachi kazi. Kama angekuwa anatafuta raha ya kawaida, raha ya mkeka na mto, asingeondoka mjini kwenda kulipasua pande la ardhi. Jembe humchosha mtu kuliko kalamu. Kwa hiyo riwaya hii haiwezi kuingizwa katika kundi la hadithi zinazosifu umaskini, wala katika kundi la hadithi zinazosema pesa ni shetani. Inachokana ni ile itikadi iliyojificha ndani ya methali: kwamba kazi ni adha ya kuvumiliwa kwa ajili ya kivuli, na kwamba mwenye akili akishapata kivuli huiacha. Kwa Utubora kazi yenyewe ina kivuli ndani yake. Jirani yake huko shambani anaitwa Radhia, jina litokalo katika radhi, na msomaji anayejua mtindo wa mwandishi huyu hawezi kulipita jina hilo bila kusimama. Radhi haikumngojea mwisho wa kazi, wanaishi jirani.

Hoja hiyo inapata nguvu ikisomwa pamoja na Adili na Nduguze, kitabu kilichochapishwa mwaka 1952. Humo mzee Faraja anawaachia urithi wanawe watatu, Adili, Hasidi na Mwivu, nao wanaugawa sawasawa. Mambo yote ya fedha yamesawazishwa mwanzoni, kama vile mwalimu wa hesabu anavyosawazisha pande mbili kabla ya kutafuta jibu. Wawili wanasafiri kutafuta faida kubwa na kurudi mikono mitupu. Mmoja anabaki dukani na kuendelea. Anawapokea nduguze, anagawana nao mali yake, nao hawaponi husuda. Kama fedha ingekuwa ndiyo furaha, basi mafungu yaliyo sawa yangezaa furaha zilizo sawa, na fungu la pili lingeponya jeraha la kupotea kwa fungu la kwanza. Mwandishi anatuonyesha kwamba mali iliyotoka mkononi mwa Adili iliingia mioyoni mwa Hasidi na Mwivu kama maji katika pakacha. Yule aliyekuwa na kazi alikuwa na mahali pa kuiweka mali yake. Waliokuwa na tamaa peke yake hawakuwa na mahali pa kuiweka, na hatimaye walipoteza hata umbo la ubinadamu, wakageuzwa manyani.

Mpaka hapa Shaaban Robert ni mwalimu asiyeshindika. Lakini uhakiki usiowahi kumuuliza mwalimu swali ni kasida tu, na Tanga inayo swali.

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliingiza mkonge Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, ukitoka Florida. Miche 62 tu ilifika hai, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo lilizaliwa zao lililobadili sura ya nchi nzima kuanzia mwambao hadi chini ya milima ya Usambara. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka na kuongoza duniani. Utajiri huo ulitoka mikononi mwa manamba, watu walioletwa kwa mkataba kutoka mbali, wakakaa kambini na kukata majani yenye miiba. Kazi yao iliandikwa katika kipande, ile kadi ya siku thelathini za kazi. Siku isiyokamilishwa haikuhesabiwa, na kipande kisichojaa kilichelewesha malipo. Huyu ndiye aliyekuwa mkulima wa kweli wa Tanga katika miaka yote ambayo Shaaban Robert alikuwa akiandika. Alishika panga na jembe kila siku ya Mungu, na radhi haikuwa jirani yake.

Katika Utubora Mkulima mtu huyu haonekani. Busutamu ni kijiji kisicho na kambi, kisicho na korona inayonguruma, kisicho na nyapara. Jina lenyewe masikioni linagusa neno bustani, na ni bustani kweli: kila ajae kulima amekuja kwa kupenda. Hapa ndipo pengo lilipo. Utubora anapolipokea jembe, analipokea kama mtu huru ambaye alikwisha kuonja mshahara mzuri na angeweza kurudi kuutafuta. Uhuru huo ndio unaoifanya kazi yake iwe tamu. Jembe lile lile, mikononi mwa mtu mwenye deni dukani na kipande kisichojaa, si shule ya utu. Ukimwambia mtu huyo kwamba fedha haileti furaha, hata kama ni kweli, unamtukana.

Inawezekana kumtetea mwandishi. Atasema mtetezi kwamba Shaaban Robert aliandika mifano ya maadili, na mfano hauwezi kubeba dunia nzima; kwamba chini ya utawala wa kikoloni ilimpasa kuzungumza kwa nchi za kufikirika; kwamba aliyeiandika Kusadikika hakuwa kipofu wa dhuluma. Utetezi huo una nguvu, na sehemu yake ya mwisho haina ubishi. Lakini haulizibi pengo. Katika Kusadikika dhuluma ina jina, ina kiti na ina baraza. Katika Utubora Mkulima kazi imesafishwa hadi dhuluma yake yote imetoweka, na kilichobaki ni kazi kama ingekuwa peponi. Msomaji anashawishika kukipenda kitabu na kumsahau aliyekata mkonge, na hatari ya kitabu kizuri ni hiyo hasa.

Tarehe ya kutolewa kwake iliongeza utata. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na mwaka huo huo sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ikaingia mikononi mwa umma. Azimio lilisema kwa lugha isiyo na pambo kwamba fedha si msingi wa maendeleo, na kwamba katika nchi ya ujamaa kila mwenye nguvu anafanya kazi na hakuna anayeishi kwa jasho la mwingine. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kuikumbusha nchi, katika andiko lake la ujamaa la mwaka 1962, methali ya mgeni: siku mbili mlishe, siku ya tatu mpe jembe. Basi kitabu kilichofika mwaka mmoja baada ya Azimio, kikimsifu mtu aliyeacha tajara ya mjini akaenda kulima, kilikuwa rahisi kusomwa kama mbiu ya siasa mpya. Usomaji huo haukuwa sahihi. Mwandishi wake alikuwa kaburini tangu 1962. Utubora hafuati azimio la chama chochote. Anafuata nafsi yake, na uamuzi wake una thamani kwa kuwa hakuna aliyemshurutisha. Miaka michache baadaye, watu wengi walipohamishiwa vijijini kwa amri, ilionekana tofauti iliyopo baina ya jembe la hiari na jembe la kusukumwa. Kama riwaya ingesomwa vizuri mwaka 1968, ingekuwa onyo.

Historia iliyofuata inajulikana Tanga. Nyuzi za kutengenezwa viwandani ziliiangusha bei ya singa, mashamba mengi yakarudi pori, na katika miaka ya 1980 na 1990 viwanda vingi vya mji vikafunga milango. Watu waliokuwa wakilalamikia kazi wakajikuta wakiililia. Hapo swali la tajiri na kazi likapata ndugu yake pacha, swali la maskini asiye na kazi, na ndugu hao wawili hawawezi kutenganishwa. Mstaafu wa kiwandani aketiye barazani Mabawa tangu asubuhi yumo kivulini. Lakini kivuli hicho hakukichuma, kimemwangukia. Ukimuuliza anachokikosa, atautaja mshahara kwanza, na ana haki. Akiendelea kuzungumza utasikia mambo mengine: king'ora cha asubuhi, zamu, wenzake, ufundi wa mikono yake ambao hakuna tena anayeuhitaji. Kumbe Utubora alikuwa ameuona ukweli, isipokuwa alianzia upande ambao wachache ndio wanaoanzia.

Wataalamu wa nchi tajiri nao wamelichimba jambo hili kwa takwimu. Mwaka 2010 Daniel Kahneman na Angus Deaton waliandika kwamba Marekani furaha ya siku hadi siku iliongezeka pamoja na kipato hadi takriban dola 75,000 kwa mwaka, kisha ikasimama, ingawa mtu aliendelea kuyaona maisha yake kuwa na mafanikio zaidi. Mwaka 2021 Matthew Killingsworth akaja na matokeo yanayopinga kusimama huko. Badala ya kurushiana maneno, Kahneman na Killingsworth wakakaa pamoja na Barbara Mellers, na mwaka 2023 wakatoa jibu la pamoja: kwa watu wengi furaha huendelea kupanda na kipato, lakini kwa wale wenye huzuni zaidi fedha hupunguza mateso hadi kiwango fulani, kisha inaishiwa na dawa. Jibu hilo lingewashangaza kidogo tu wazee wa Pwani. Fedha huponya majeraha ya kukosa fedha; jeraha lililotoka kwingine linataka tabibu mwingine. Hasidi angepimwa na wataalamu hao angeonekana katika fungu la mwisho.

Bado iko shahidi mmoja wa kuitwa, naye ni maisha ya Shaaban Robert mwenyewe. Aliingia Idara ya Forodha mwaka 1926 na kutumikia humo hadi 1944, kisha akahamia Idara ya Wanyama, baadaye ofisi ya serikali Tanga, na tangu 1952 Idara ya Upimaji. Yaani kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa mtu wa mshahara, karani wa serikali ya wageni, akihamishwa kama kijalada. Utubora aliacha ajira. Muumba wake hakuweza kuiacha mapema, kwa sababu alikuwa na nyumba ya kulisha. Riwaya na mashairi aliyaandika nje ya saa za ofisi. Kazi hiyo ya pili haikumpa utajiri. Baadhi ya vitabu vyake alivitoa mwenyewe pale pale Tanga kwa jina la Art and Literature, na vingi vilitoka akiwa hayupo duniani kuiona faida yake.

Jambo hili linaibadilisha riwaya mikononi mwa msomaji. Busutamu si kijiji ambacho mwandishi alikijua akakipamba. Ni mahali alipopatamani. Jembe la Utubora, kwa karani aliyekesha na kalamu, huenda ni kalamu yenyewe: kazi ambayo mtu angeifanya hata asipolipwa, na ambayo angeendelea kuifanya hata kama angelipwa mara mia. Likisomwa hivyo, lile pengo lililotajwa halifutiki, lakini linaeleweka. Mtu aliyebanwa na ajira aliota ndoto ya kazi iliyo huru. Alisahau kuwatia ndotoni wenzake waliobanwa zaidi yake.

Vivyo hivyo, haikuwa bure kwamba mwandishi huyu aliandika wasifu wa Siti binti Saad. Binti wa Fumba aliyechuuza vyungu vya mama yake akawa mwimbaji ambaye sahani zake za santuri, zilizorekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928, zilisikika mwambao mzima. Alitoka katika tabaka ambalo uungwana wa kale ulilitazama kwa dharau, na hakupanda kwa kuiacha kazi. Alipanda kwa kazi. Katika maisha yake jua na kivuli vilikuwa mahali pamoja, kama katika shamba la Utubora, na safari hii si hadithi ya kubuni. Mwandishi alimwona mtu aliyekuwa ushahidi wa hoja yake, akamwandikia kitabu.

Sasa turudi kwa tajiri wetu wa nyumba tatu. Je, aendelee kufungua duka alfajiri? Hukumu itokanayo na vitabu hivi, vikisomwa kwa heshima na kwa macho yaliyo wazi, ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya Shaaban Robert: ndiyo, afanye kazi, maana kazi si bei ya utu, ni sehemu yake; na mtu aliyejiondoa kabisa katika kazi hubaki na mali kama wale waungwana wa Pate walivyobaki na taa, zikiwaka katika chumba ambacho hawana la kufanya humo. Anayemwita bahili kwa sababu tu hapumziki hajamwelewa. Huenda mtu huyo amepata dukani kile ambacho Utubora alikipata Busutamu.

Sehemu ya pili Shaaban Robert hakuiandika. Inaandikwa na mkonge. Tajiri afanyaye kazi asijisifu kwa jasho lake kabla ya kuwaangalia wanaotoka jasho kwa niaba yake. Je, kijana anayebeba magunia pale dukani analipwa kiasi cha kumwezesha siku moja kuchagua? Maana heri ya Utubora ilikuwa katika kuchagua, na kuchagua kunaanza pale ambapo tumbo la leo na karo ya kesho vimekwisha kushughulikiwa. Tajiri anayeamka alfajiri na kumpunja mtumishi wake anafanya kazi mbili, na ya pili inaibatilisha ya kwanza. Tajiri anayepumzika lakini ameacha nyuma yake watu wanaolipwa kwa haki anaweza kuwa karibu zaidi na utu bora kuliko mchapakazi huyo. Hapa ndipo methali ya wahenga inapohitaji nyongeza: mchumia juani hulia kivulini, naam, ila aulize kwanza kama kivuli hicho ni cha mti alioupanda, au ni cha mwili wa mtu mwingine aliyesimamishwa juani.

Utubora Mkulima kinastahili kurudishwa mikononi mwa wasomaji, hasa vijana wa mwambao wanaoambiwa kila siku na matangazo kwamba mwisho wa juhudi ni kuacha juhudi, na kwamba aliyefanikiwa hutambulika kwa kutofanya lolote. Wakisome kwa kukipenda, maana Kiswahili chake ni safi na adabu yake ni ya hali ya juu. Wakisome pia kwa kukiuliza. Mwandishi aliyeliweka neno mkulima ubavuni mwa utu bora alilifungua lango ambalo waungwana walilifunga kwa karne nyingi. Aliingiza mtu mmoja. Ni juu ya waandishi waliomfuata, na hasa wa Tanga, kumwingiza yule mwingine aliyesimama nje na kipande mkononi.